Mahali pa Oveni

Nyumba ya mzee Kashindye pale Butimba ilikuwa na tundu kwenye ukuta wa jikoni, na kila mgeni aliyeliona aliuliza. Halikuwa dirisha, maana lilitokea stoo. Halikuwa kabati, maana halikuwa na mlango wala rafu. Kashindye akiulizwa alijibu kwa sauti yake ya chini kwamba hapo ni mahali pa oveni, kisha akaendelea na alichokuwa akifanya.

Chanzo chake kilikuwa maneno ya mkewe. Mwaka sabini na nane, nyumba ikiwa bado inajengwa, Modesta alimsimulia habari za jiko la masista alikofanya kazi usichanani. Kule oveni ilikuwa imejengewa ukutani, usawa wa kiwiko, na sista mpishi alitoa mikate akiwa amesimama wima kama mtu anayefungua kabati la vitabu. Modesta alisimulia tu, hakuomba kitu. Kesho yake Kashindye akamsimamisha kando ya ukuta ambao haujapigwa lipu, akashusha kamba kutoka kiwikoni mwake hadi sakafuni, akafunga fundo, akamwambia mwashi tundu lianzie hapo.

Halafu ikaja ile miaka ambayo hata sabuni ilipangiwa foleni, na oveni ikawa neno la kuchekesha. Tundu likawekwa pasi ya mkaa, baadaye redio, baadaye likahamiwa na kuku mwenye mayai. Modesta akawa anaoka mikate yake chini, kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Moto wake aliupima kwa namna aliyofundishwa na masista. Alitia mkono ndani, akaanza Salamu Maria moyoni. Mkono ukishindwa kuvumilia kabla ya kufika “utuombee”, moto ni mkali mno. Ukifika “amina” bila kutamani kutoka, ongeza makaa. Nusu ya mtaa ilikunywa chai kwa mikate hiyo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba imeungua.

Mwaka tisini na tano mgongo wake ukakataa. Asubuhi moja aliinama kutoa mkate akabaki hivyo hivyo, mpaka Amondi, jirani yao wa kutoka Musoma, alipokuja kumnyoosha kidogo kidogo kama anayekunjua mkeka uliokauka. Daktari akasema asiiname tena motoni. Apate jiko la kuokea akiwa amesimama, au aache kuoka.

Modesta alirudi nyumbani akaketi kando ya sufuria yake ya mchanga. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakukumbuka asubuhi aliyoamka bila kwenda kwanza kuangalia unga wake umeumuka kiasi gani. Alimwambia Kashindye neno moja, kwamba hajui atakuwa anaamkia nini.

Kashindye alikuwa amestaafu mwaka huo huo baada ya miaka thelathini ya ufundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Amondi akasema sasa kiinua mgongo kitafanya kazi iliyoandikwa kwenye jina lake. Mjini nako mambo yalikuwa yamebadilika. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu sasa yalimwaga vitu hadi barazani, friji kutoka Dubai zikiwa bado zimevaa nailoni. Lakini Kashindye hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu kinang'aa. Mashine zilimfundisha kusikiliza kwanza, kunusa baadaye, na kusema mwisho.

Wakaanza na friji, ya kutunzia siagi na hamira, katika duka la kijana mmoja aitwaye Mihayo. Kashindye akatoa mfukoni kipande cha karatasi, akakibana kwenye mlango wa friji ya kwanza, akakivuta. Kikatoka bila ubishi. Akaenda ya pili.

“Mzee,” Mihayo akamwambia, “unanunua friji au unapeleka barua ya posa?”

“Posa nilishapeleka,” Kashindye akajibu, akimwonyesha Modesta kwa kidevu. “Hapa naangalia kama mpira wa mlango unashika.”

Friji ya pili ilishika vizuri, lakini alipoingiza kichwa ndani akakutana na harufu ya sangara ambayo ndimu zote za Misungwi zisingeitoa. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeupe, imekwaruzwa ubavuni. Karatasi ilichanika kabla haijatoka. Hata hivyo hakununua. Aliomba iwashwe kutwa nzima ikiwa na chupa ya maji sehemu ya barafu, kisha izimwe jioni duka likifungwa. Asubuhi walipofika, Mihayo mwenyewe ndiye aliyekimbilia kuitoa ile chupa na kuitikisa. Donge la barafu likagonga kioo. Wakaichukua.

Huo ulikuwa mwaka wa mgao, umeme ukikatika mchana kutwa siku mbili kwa wiki, lakini siagi ya Modesta haikuyeyuka hata mara moja. Akaanza kuamini kwamba oveni nayo itapatikana.

Ila oveni zilizojaa mjini zilikuwa za majiko ya kusimama chini, na mlango wake uko magotini. Walizunguka madukani wiki baada ya wiki. Kila jiko lililowashwa Modesta alitia mkono, akasali sala yake, akatikisa kichwa. Hata palipokuwa na moto mzuri bado pangemtaka kuinama. Kashindye alibeba daftari, na jiko lisilo la kuingia ukutani hakuliandika humo. Nyumbani, sufuria ya mchanga ilikuwa imefunikwa na gunia, na watu wa mtaani walikuwa wameanza kununua mikate kwingine.

Ndipo Mihayo akaleta habari. Mzungu mmoja wa mradi amerudi kwao na vitu vyake vinauzwa kwenye yadi ya rafiki yake. Kuna oveni ya ukutani, ya kweli. Wakaenda siku hiyo hiyo.

Ilikuwa na mlango wa kioo na taa ndani, na mlango ulishuka taratibu kama kope za mtu anayesinzia. Kashindye akapima kwa futi, akakuta inaingia kwenye tundu na nafasi ya kidole inabaki. Modesta alisimama mbele yake bila kuigusa. Moyoni alikwishaipachika, akaifuta vumbi, akatoa humo mkate wa kwanza.

“Mayu, mama yangu, hii ilikuwa inakusubiri wewe,” Mihayo akasema, na alimaanisha.

Kashindye akaomba iwashwe. Akatandaza unga mwembamba kwenye trei, akaitia ndani, akaketi juu ya kreti kusubiri. Baada ya nusu saa trei ilipotoka, upande wa kushoto unga ulikuwa na rangi ya kahawa, na wa kulia ulikuwa mweupe kama ulivyoingia. Akaigeuza trei ili wenzake nao waione.

Modesta ndiye aliyesema. Aliongea Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwamba unga si mkate. Kwamba amengoja miaka kumi na saba na leo kitu kimekuja, mtu analeta unga wa kukitafutia kosa. Kwamba kama ni kuangalia hivyo, hata yeye angerudishwa kwao mwezi wa kwanza. Mihayo naye ni Msukuma, kwa hiyo akageuka kuchunguza kufuli la geti.

Kashindye alimwacha amalize.

“Mama Venant,” akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, “hujaweka mkono.”

Ni kweli. Kote walikozunguka alitia mkono bila kuambiwa, hata kwenye majiko aliyojua hatayachukua. Hii moja hakuitia mkono, na sababu aliijua. Akasogea. Upande wa kushoto hakufika hata “neema”, akauchomoa mkono. Upande wa kulia alimaliza sala, akaanza nyingine, na mkono umetulia tu kama uko mfukoni.

Mihayo akasema fundi anaweza kutengeneza. Kashindye akauliza kama kipuri chake kinapatikana. Kijana akasita, halafu akasema ukweli, kwamba Mwanza hakipo, labda Nairobi, na labda kule pia hakipo.

“Sema wewe,” Kashindye akamwambia mkewe. “Mwokaji ni wewe.”

Modesta akaufunga mlango wa kioo kwa mikono miwili, polepole.

“Twende,” akasema.



Siku ya tatu yake Modesta akamwambia mumewe avae viatu, aje na unga wake. Akampeleka moja kwa moja dukani kwa Mihayo, akaonyesha kidole rafu ya juu. Huko kulikuwa na oveni ndogo ya mezani, nyeusi, yenye umbo la kasha la viatu vya bwana mkubwa, ya kuingiza mikate miwili tu kwa mara moja. Walikuwa wamepita chini yake mara tano.

“Hiyo haijai ukutani,” Kashindye akasema.

“Baba Venant, mimi naoka mikate. Ukuta sijawahi kuuoka.”

Ikashushwa, ikawashwa. Modesta akatia mkono pembe zote nne, midomo ikicheza kidogo, na pembe zote nne mkono ulianza kulalamika pale pale, kwenye “utuombee”. Kashindye akatandaza unga wake. Ulitoka una rangi moja ya biskuti kutoka ukingo hadi ukingo. Akageuza oveni nyuma, akasoma kibati cha kiwango cha umeme, akaona waya za nyumba yake zitaibeba pamoja na friji. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega tu yakitikisika.

“Kumbe muda wote nimekuwa nikilinunulia tundu,” akasema.

Jioni ile alimhamisha kuku na mayai yake kwa heshima zote, akaenda stoo kutoa kamba ya zamani iliyoning'inia kwenye msumari, fundo lake bado lipo. Akamsimamisha Modesta kando ya ukuta kama mwaka ule. Fundo lilipita kiwiko chake kwa vidole vitatu. Wote wawili wakalitazama.

“Ukuta umepanda,” Kashindye akasema.

“Fundi wake naona hakupanda nao,” Modesta akamjibu, akitazama upara wa mumewe, ambao zamani hakuweza kuuona bila Kashindye kuketi.

Akabomoa mstari mmoja wa matofali chini, akajaza pembeni palipobaki wazi, akasawazisha kwa pima maji mara tatu. Siku mbili baadaye lipu ilikuwa imekauka. Asubuhi, umeme ukiwapo, Modesta alichukua siagi kwenye friji, akakanda, akasubiri unga uumuke, akasali mkono ukiwa ndani, akaingiza mikate miwili. Amondi alikwishafika na kikombe chake cha chai, akisema yeye ni shahidi.

Harufu ilipotimia Modesta alishika kitambaa, akajifunga kanga kiunoni, akainama. Mkono wake ukagusa sakafu baridi.

“Juu, mama,” Kashindye akamwambia kutoka mlangoni. “Iko juu.”