Mpunga wa Mwanamke Mwingine

Sufiani alikuwa na kasi moja tu, na aliitumia kwa kila kitu: kula, kuposa, kukimbia. Kwenye jaribio la kwanza la mbio za nyika, pale Ruaruke, alitoka mstarini kama mbwa aliyemwagiwa maji ya moto, akaongoza mpaka mnara wa simu, halafu akazimika. Faraji wa Nyamwage akampita taratibu.

"Nikuitie bodaboda, kaka?"

Lilibaki jaribio moja. Wanne wa kwanza wangeingia timu ya wilaya, na Sufiani alikuwa ameshatangaza kwao Salale nzima, huko deltani kunakofikiwa kwa boti, kwamba yumo.

Mwalimu Hemedy, kocha wao, akamtumia ujumbe wa sauti. "Siku moja kimbia polepole, kiasi cha kuweza kupiga soga. Siku nyingine kaza kidogo. Siku nyingine chomoka, tembea, chomoka tena. Ukikimbia kila siku kama mwizi, siku ya mbio utakamatwa."

Sufiani akasonya. Kwao hata jeneza lilikwenda mbio; yeye aliye hai aende polepole kwa nini?

Mpunga ulikuwa unaanza kukomaa, na bibi yake, Bi Subira, akampeleka shambani kuamia ndege, wasiule. Bi Subira alimwita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao, na alimsema kama mume wa hasara.

Sufiani akaona amepata uwanja. Asubuhi ile alilizunguka shamba kwa kasi yake ileile, bila kusimama, akigonga debe. Mwanzoni kwelea waliruka. Kisha wakamzoea. Akishapita wanatua nyuma yake, wanakula kwa adabu, wanampisha akirudi. Jua halijafika utosini, Sufiani amelala chini ya dungu la kulindia ndege, ulimi nje, na jaruba la mwisho limebaki mabua.

"Mume wangu," Bi Subira alisema, "hawa ndege uliwafukuza au uliwasindikiza?"

"Nilikuwa mazoezini, bibi."

"Na wao pia. Jaruba jingine likiliwa, Ruaruke huendi. Nitamwambia mwalimu wako unaharisha."

Alikuwa na uwezo wa kusema hivyo, tena kwenye kipaza sauti cha kijiji. Kesho yake Sufiani akakaa juu ya dungu, akangoja. Kundi likishuka anachomoka kama risasi, anapiga kelele, wanatawanyika. Anarudi akitembea, anahema, anapanda tena. Jioni alikimbia polepole kando ya bibi yake njia nzima ya nyumbani, kwa sababu bibi alitaka wa kupiga naye umbeya, na asiyejibu alitukanwa. Siku ambazo ndege hawakuja, alikwenda mwendo wa kati mpaka mikokoni na kurudi. Ilimuuma kukiri kwamba pumzi iliongezeka. Hakukiri.

Siku ya jaribio alianza katikati ya kundi. Watu wakamzomea. Akapanda mdogo mdogo mpaka begani kwa Faraji.

"Vipi, kaka, mama hajambo? Na yule mbuzi wenu mwenye kikohozi?"

Faraji hakuwa mtu wa kuacha swali bila jibu. Akafungua kinywa, ikatoka "ha" peke yake. Sufiani akampita.

Kona ya mwisho ilipakana na majaruba ya watu. Wingu la kwelea likashuka. Kichwa cha Sufiani kilijua hilo si shamba lao. Miguu haikuulizwa. Iliacha njia, ikaingia kwenye mpunga, mikono juu, yowe mpaka barabarani. Ndege wakatimka. Faraji akapita. Wengine wakapita.

Miguu ikataka kurudi ikitembea, kama ilivyozoea. Akaitukana kwa Kindengereko, nayo ikachomoka tena. Akampita mmoja, akampita wa pili, akavuka mstari akiwa wa nne, kwa kifua tu.

Mwalimu Hemedy alimkodolea macho. "Kule ulifuata nini?"

"Nilichomoka, mwalimu. Si ulisema?"

Nyuma yao mama mwenye shamba alikuwa anauliza kwa sauti ni mtoto wa nani aliyemkanyagia mpunga. Simu ya Sufiani ikaita.

"Umeingia timu?" Bi Subira aliuliza.

"Nimeingia, bibi. Wa nne."

"Nimeshasikia. Umeamia mpunga wa mwanamke mwingine." "Panda boti ya kwanza, mume wangu. Wa kwako unaliwa."