Kinywa cha Sato

Mchana ule Masalu alilala na hasira zake, kwa sababu Minza, mkewe, alikuwa ameisukuma tena sahani ya samaki, sato, bila kuigusa. Siku ya tisa hiyo hali chakula vizuri, hasemi, akiulizwa anafumba midomo. "Unashibia kwa Ngassa," Masalu alimwambia, maana huyo fundi pampu alikuwa habanduki pale kwenye bwawa lao la samaki, na sura anayo, tuseme ukweli. "Usiponiambia kinachokusibu hadi jioni, nakurudisha kwenu." Akajitupa kitandani, usingizi ukamzoa.

Akajikuta anatembea chini ya maji, kwenye kina kifupi penye matete, ambako madume wa sato walikuwa wakifukua mchanga kwa midomo, kila mmoja na kibakuli chake, akimtimua jirani yeyote aliyesogea. Masalu aliwapenda palepale. Jike mmoja akaja akataga kibakulini, kisha akayaokota mayai yote kinywani na kwenda zake matetini, kimya, asiguse hata mdudu aliyempita mbele ya pua.

"Anaficha nini yule?" akauliza mzee mwenye macho mekundu, akimshika Masalu mkono. Ndiye Bwana Wivu, na mkono wake ulikuwa na joto la kupendeza. "Mwanamume mzima unafumbiwa mdomo. Mfumbue."

"Mwache," alisema Bibi Stara, aliyekuwa ametandaza khanga yake mbele ya yule jike. "Wiki mbili hatakula wala hatasema. Ukimfungua kabla ya siku zake, hatakuwa na cha kukuonyesha."

Masalu alimsikia vizuri kabisa. Lakini roho ilimuuma, akambana jike taya. Mayai yakamwagika, samaki wadogo wakayavamia, halikubaki hata moja. Alipomtazama jike usoni, akaona uso wa Minza wa mwaka juzi, walipotoka zahanati mikono mitupu, baada ya yeye Masalu kuitangaza mimba changa soko zima.

Akashtuka. Jua lilikuwa bado juu, na uani Minza alikuwa akitapika. Aibu ikamshika Masalu. Sahani ya samaki akaitoa ndani, harufu na yote, akampa Ngassa aliyekuwa bwawani, na roho ilimuuma kidogo tu. Kisha akampelekea mkewe maji.

"Jioni bado," Minza alisema bila kumtazama. "Nguo nimeshakunja."

"Zikunjue. Sikuulizi tena."

Minza akasukutua.

"Wiki mbili," akasema. "Nitasema mwenyewe."