Posa ya Mtoto wa Slugi

Mzee Lazhar alikuwa ameamua kutotoka nje tena, na mtu wa ukoo ule akishaamua jambo, hata ngamia wawili hawamvuti. Tangu slugi wake Sehem afe, mwishoni mwa mavuno ya tende, mzee alishinda kwenye godoro akitazama ukuta. Nasema kutazama kwa heshima tu, maana macho yake yalishaingia ukungu miaka mitatu kabla. Sehem ndiye aliyekuwa akimtembeza. Kila asubuhi mzee alishika kamba, slugi akatangulia polepole mpaka sokoni, wakasimama kwa muuza chai, wakarudi na mkate.

Katika mji ule wa visima na mitende, slugi si mbwa. Mbwa ni yule anayelinda mbuzi na kurushiwa mawe. Slugi, yule mwembamba wa mbio ambaye mababu walimtumia kuwinda sungura, hulala ndani juu ya blanketi, na jirani mcha Mungu kuliko wote humpisha njiani bila kukunja kanzu. Kwa hiyo hakuna aliyemcheka Lazhar kwa msiba wake. Walikuja hata kumpa pole.

Lakini pole zilikwisha na mzee hakuinuka. Daktari alimpima, akamwita Najia pembeni. Huyu Najia ni bintiye mzee, mwanamke wa miaka arobaini na minane, aliyezeekea kwenye dirisha la posta.

"Hana ugonjwa," daktari alisema. "Ila miguu nayo inakufa kwa kukaa. Akimaliza baridi hii hapo godoroni, hatatoka tena humu ndani kwa miguu yake."

Najia hakulala siku mbili. Siku ya tatu aliamua kumtafutia babake mtoto wa slugi. Si mtoto yeyote. Siku hizi watu wamechanganya mbegu na mbwa wa mashindano kutoka ng'ambo, na mzee, kipofu hivyo hivyo, angemgundua mchanganyiko kwa mkono mmoja, akamrudisha kwa mwenyewe na matusi juu yake. Ilibidi apatikane wa nasaba safi, kutoka kwa mfugaji mkweli.

Kaka yake, Mondher, alipiga simu kutoka mji mkuu. "Dada, mbona unajitesa? Kuna jamaa huku pwani ana watoto wa slugi kibao. Picha ziko, vyeti viko, vina mihuri mitatu mitatu!"

"Mihuri naigonga mimi kutwa, Mondher. Usinitishie mihuri."

Hata hivyo alikwenda, mwendo wa saa tano garini. Jamaa alikuwa ananukia kuliko bwana harusi, na watoto wake walikuwa kwenye vizimba vyeupe, wamefungwa utepe shingoni.

"Mama yao yuko wapi?" Najia aliuliza. Babake alikuwa na neno moja tu kuhusu jambo hili: mwana hutazama kisogo cha nina, basi muone nina kwanza.

"Mama yuko shambani."

"Shamba liko wapi?"

"Mbali kidogo."

"Na baba?"

"Baba yuko Ulaya, kwenye mashindano."

"Kumbe ukoo mzima umesafiri," alisema Najia. "Wamebaki watoto na vyeti."

Jamaa alicheka, akasema kama ana haraka anaweza kumfungia hata wawili. Hakuuliza mtoto anakwenda kuishi na nani, wala atakula nini. Najia alipanda gari kurudi, saa tano nyingine, mikono mitupu na mgongo unamuuma.

Muuza chai ndiye aliyemtajia Mbirika. "Yule mjane wa ng'ambo ya visima," alisema. "Slugi wake ni wale wa zamani kabisa. Ila jiandae. Anafukuza wateja kama nzi."

Ni kweli kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini hiki cha Mbirika hata kujiuza kilikuwa hakitaki. Najia alimkuta mwanamke wa miaka sitini hivi, sauti ya kuitia ngamia, amekaa mbele ya hema lililobanana na kibanda cha matofali. Kando yake alilala jike wa rangi ya mchanga, Rima, na watoto saba wa wiki tano wakipanda na kushuka juu yake. Najia aliwatazama mmoja mmoja. Huyu hapa mama. Na baba alikuwa amefungwa nyuma ya kibanda, akimkodolea macho.

Alisema anamtafutia babake mtoto mmoja, na hapo akaanza kuulizwa yeye. Siku alipoposwa Najia, nyumba yao haikuuliza nusu ya maswali yale.

"Nani atamlisha?"

"Mimi."

"Nini?"

"Shayiri, maziwa, tende. Nyama siku ya nyama."

"Atalala wapi?"

"Ndani, mama. Wapi tena?"

"Na huyo mzee wako, anatembea?"

Hapo Najia akajikwaa. Aliwaza kwamba ukisema kweli, kuwa ni mzee kipofu wa miaka themanini na moja ambaye hata mlangoni hafiki, hakuna mwenye akili atakayekupa kiumbe cha mbio. Basi akadanganya, tena hakudanganya kidogo.

"Anawinda mpaka leo. Alfajiri yuko jangwani."

"Macho?"

"Kama ya mwewe."

Mbirika alimtazama juu mpaka chini. "Wangu siwauzi, natoa. Na simpi mtu nisiyejua kwake. Ijumaa nitakuja na Rima. Ni haki ya mama kuona nyumba anakokwenda mwanawe. Akiingia akalala, tutaongea. Akigoma, nakunywa chai yenu naenda zangu."

Nyumbani mzee hakufurahi hata kidogo. "Simtaki. Wangu amekufa."

"Baba, wewe vaa joho lako tu. Ukiulizwa, sema umetoka kuwinda."

"Kuwinda nini, nzi?"

Ijumaa ile Najia alifanya kosa ambalo kila mwanamke wa mtaa ule angelifanya. Wakwe wanakuja, nyumba ing'ae. Aliosha sakafu, kuta na kizingiti kwa klorini, akaona haitoshi, akarudia. Kaskasi, zile chembe za ngano za kupikwa kwa mvuke, ilikuwa jikoni na nyama ya mbuzi, chai tayari, na mzee ameketi kwenye godoro na joho lake, amenuna.

Baada ya swala pikapu ya Mbirika ilisimama mlangoni. Rima alishuka kama bibi harusi, akatembea mpaka kwenye kizingiti, akanusa. Akapiga chafya. Akapiga ya pili na ya tatu, akarudi nyuma mpaka katikati ya njia, akasimama huko akiitazama nyumba kama imemtukana.

"Rima, njoo," alisema Mbirika. Rima hakuja. Najia aliweka nyama kizingitini. Rima akageuza uso.

Majirani walishatoka. "Mkwe kagoma!" alipaza sauti mmoja. "Ongezeni mahari!"

"Wewe umeoshea nini humu?" Mbirika aliuliza, pua ameibana. "Nyumba inanuka hospitali! Haya, mwite huyo mwindaji wako aje ampokee mwenyewe. Slugi huingia kwa mwenye nyumba."

Najia aligeuka kutazama chumbani kwa mzee. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale pale kizingitini, mbele ya mtaa mzima. Alitamani ardhi ipasuke.

"Haoni, mama," alisema mwishowe. "Na hajavuka mlango huu miezi mitatu. Nilikudanganya. Naogopa atanifia humo ndani."

Iliyojibu ilikuwa sauti kutoka chumbani.

"Najia! Nani yuko mlangoni?"

"Ni slugi, Baba. Amekataa kuingia."

"Na umemwacha mgeni kasimama juani? Nyumbani kwa Lazhar?"

Wakasikia godoro likilalamika. Mzee alitokeza, kiganja kimoja ukutani, akipapasa njia, joho limekwenda upande. Najia aliruka kumshika, akasukumwa na kiwiko. Alifika kizingitini, akakitafuta kwa kidole cha mguu, akavuka. Alitoka nje kama mtu anayekwenda kununua mkate, na mtaa uliokuwa ukicheka ukampisha.

Hakumwita Rima. Alichuchumaa njiani, akanyoosha mgongo wa mkono, akangoja. Rima alimnusa, akasogea. Ndipo mikono ya mzee ikaanza kazi ya kupima nasaba. Iliweka kiganja kati ya mifupa ya nyonga kupima nafasi. Ikapitisha mkia chini ya paja kuona kama ncha inafika kwenye nyonga. Ikashuka mbavuni, moja baada ya moja, ikasimama.

"Ubavu huu ulivunjika."

"Aligonga mwamba," alisema Mbirika. "Alikuwa anamfukuza sungura. Mwaka wa nne sasa."

"Amezaa mara nne. Mara ya kwanza hakunyonyesha."

"Walikufa wote," alisema Mbirika, na sauti yake ya ngamia ilikuwa imepotea. "Wewe umejuaje?"

"Ziwa linasema." Mzee alikuwa akitabasamu. Najia aliuona mdomo ule ukifanya kitu alichokuwa amekisahau. "Mama huyu ni safi. Wa namna hii sijamgusa tangu ujana."

Mbirika alikaa chini, pale pale mchangani. "Mtoto sikupi, mzee," alisema.

Najia alimkimbilia. "Mama, tafadhali, kosa ni langu, yeye hakujua..."

"Nyamaza, wewe wa macho ya mwewe. Sikatai kwa sababu ya uongo wako. Nakataa kwa sababu mtoto wa slugi akiona paka haulizi nani kashika kamba. Atamvunja kiuno huyu, na mimi nitalala vipi?" Kisha akamgeukia mzee. "Nakupa huyu."

"Huyu nani?"

"Rima. Uzao huu ndio wa mwisho, sitamzalisha tena. Amekimbia vya kutosha, sasa anataka mtu wa kutembea naye. Wiki tatu, watoto waache ziwa, nakuletea."

"Mama wa mbegu hatolewi," alisema mzee, mkono bado mgongoni mwa Rima. "Mimi nawajua wafugaji."

"Mwenye macho angeona jike aliyezeeka. Wewe umemshika, ukamjua alivyo." Mbirika alijifuta uso kwa ncha ya shela. "Ila nawe una kazi. Tangu mume wangu afe, nachagua wa kubakiza kwa macho, na macho yananidanganya. Ijumaa ijayo nakuchukua na gari, uwashike wale saba, uniambie nani abaki kwangu."

Chakula kililiwa njiani, kwa kuwa Rima hakubadili mawazo yake juu ya nyumba. Mikeka ilitolewa, majirani wakaleta mikate na maneno yao, na yule aliyepiga kelele za mahari alipewa kazi ya kumimina chai. Najia alitaka kumshukuru Mbirika, akainama akambusu kichwani, kama mtu anavyombusu mamake, na Mbirika akamwambia apunguze chumvi kwenye kaskasi.

Pikapu ilipoondoka, Najia alimshika babake mkono. "Upepo umeanza, Baba. Tuingie."

"Wiki tatu ni siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

Mzee alihesabu kitu kwa vidole, midomo ikicheza. "Basi kesho nitoe mapema. Sitaki mama wa watu aje anikute siwezi kufika hata sokoni."

Najia alikuwa amehangaika mwezi mzima kumtafuta mfugaji atakayemkubalia, na sasa alimshukuru Mungu, kwa sauti, mbele ya majirani bila haya, kwa kumkutanisha na aliyemkatalia. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti, akaanza kutafuta viatu vya babake chini ya kabati.