Slaidi Yenye Mkwaruzo

Mkwaruzo ulikuwa mdogo tu, kwenye pembe ya kioo, na ni mimi niliyemwomba wifi yangu auweke. Wifi ni nesi wa wodi ya majaribio ya dawa mpya. Mimi niko maabara ya chini, nahesabu vimelea vya malaria kwa darubini. Slaidi, vioo vilivyopakwa damu, hutufikia na namba tu, makusudi, tusijue damu ni ya nani. Lakini kitanda cha nne alilala binti yangu. Wifi, ambaye hubishana nami hata kuhusu chumvi, safari hii hakubisha.

Dawa za zamani zilishagonga mwamba kwake mara mbili. Leo ilikuwa siku ya tatu ya hii mpya, siku ambayo damu inatakiwa iwe safi. Ikiwa si safi, imebaki sindano, na baada ya sindano hatuna kitu kingine.

Niliiona pembe ile. Nikadondosha tone la mafuta, nikainama. Niliposogeza kioo mara ya arobaini na kitu, nikaona vitone vitatu vya zambarau, rangi ya vimelea. Kidole gumba kilikuwa juu ya kihesabio, kikagoma kubonyeza. Uchafu wa rangi huo, nikajiambia, maana rangi tunayopakia damu nayo huacha takataka. Nilimalizia harakaharaka, nikaandika sifuri, nikampigia wifi.

"Safi! Mvalishe viatu."

"Kweli, wifi? Usinichezee!"

"Mvalishe, bwana. Mwambie amepona."

Nikavuta slaidi iliyofuata, ya mtoto wa mtu nisiyemjua. Vitone vitatu vya zambarau, vilevile. Kidole kikabonyeza mara tatu bila kusita.

Yaani kwa mwanangu ni uchafu, kwa mtoto wa mwenzangu ni malaria? Nikairudisha ile yenye mkwaruzo na kuihesabu upya, polepole, huku nimeuma meno. Kumi na moja. Nikaikata sifuri yangu kwa mstari mmoja, nikatia sahihi pembeni, nikampelekea mkuu wa maabara na kumweleza yote.

"Habari ya kazi yako tutaongea kesho," akasema, tayari ameshika simu ya wodini. "Sindano anaanza sasa hivi. Angelala nyumbani na hao wadudu, sijui kama mngewahi kumrudisha."

Nilipanda ngazi hadi wodini. Wifi alikuwa amepiga magoti, anafunga kamba za kiatu cha pili. Binti yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, anatabasamu.

"Mvue," nikasema.

Wifi aliniangalia usoni, akaanza kufungua kamba bila kuuliza.

"Mama," mwanangu akasema, "si umesema nimepona?"