Mguu wa Novica Kwenye Foleni

Saa kumi na mbili asubuhi mifuko sita ilikuwa imepangwa kwenye theluji pale kituoni, ikishika foleni ya basi la mjini. Wenyewe walikuwa mkahawani, wameuzunguka moto. Huku kwenye milima ya Durmitor hakuna anayesimama nje bure wakati mfuko wake unaweza kumsimamia.

Honi ilipolia, Novica alitoka na mkongojo wake, akachukua mfuko, akapanda. Bibi Rosanda, aliyepakata ndoo ya jibini, hakumpa hata nafasi ya kukaa vizuri.

"Unakwenda wapi na baridi hii, mwanangu?"

"Kwa madaktari wa kamati ya ulemavu. Kuonyesha mguu."

"Una nini?"

"Haupo." Akagonga chini ya goti la kushoto, plastiki ikalia. "Ulikatwa na msumeno kiwandani, mwaka wa tisa sasa. Kila mwaka wanataka kuhakikisha haujaota."

Basi zima likacheka.

"Na umeota?" akauliza dereva Vukota.

"Bado. Navuta subira."

Alitania tu, lakini roho ilikuwa juu. Leo ndiyo siku ya mwisho. Asipopata muhuri wa kamati, posho inakatwa, na posho hiyo ndiyo unga, ndiyo kuni.

Kwenye kona za juu misonobari ilikuwa imeinamishwa na theluji, na bonde halikuonekana. Vukota akasimama, wanaume wakashuka kufunga minyororo kwenye magurudumu. Novica naye akashuka.

"Kaa ndani wewe!"

"Niacheni. Mimi nasikia baridi nusu yenu."

Saa nne alikuwa mjini, kwenye dirisha la ofisi ya kamati, wa kwanza kwenye foleni. Karani hakuinua macho.

"Madaktari hawajafika. Theluji."

"Mimi nimefika, dada. Natoka Durmitor."

"Rudi mwezi ujao."

"Na posho?"

"Inasimama mpaka uonekane."

"Kwani wewe hunioni?"

"Mimi si kamati, mzee."

Hasira zikampanda. Akaketi kwenye benchi, akapandisha suruali, akafungua mikanda. Kisha akausimamisha mguu, na kiatu chake, chini ya dirisha.

"Huwezi kuuacha huo hapa!"

"Unanishikia nafasi."

Akaegemea mkongojo, akarukaruka kuelekea mlangoni. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliutazama ule mguu kwa muda. Halafu akaweka mfuko wake nyuma ya kiatu, akatoka naye.