Bamba Lililovunjika Kimya

Karakana ya Hajji Mubarak, upande wa viwandani chini ya Bugolobi, ilinunua maboti mabovu kutoka ziwani. Yalikuwa ya plastiki yenye nyuzi za kioo ndani yake, ile inayoyeyuka ikipata moto. Waliyasaga yakawa chembe, wakaziyeyusha, wakazikandamiza ziwe mabamba mapya ya kuundia maboti mengine. Kazi ya Atoo ilikuwa kupima: alikata kipande cha kila bamba na kukipinda kwenye mashine mpaka kivunjike.

Bamba zuri hulalamika kwanza. Huanza kulia, likaweka nyufa nyeupe, nyuzi zikang'ang'aniana. Asubuhi ile, siku ya kwanza ya Atoo kazini tangu arudi kutoka msibani Gulu, kipande kilikatika kama biskuti, bila sauti. Cha pili vilevile. Palipovunjika palijaa vitundu.

"Hajji, kikaushio kinafanya kazi?"

"Kimekufa wiki mbili sasa. Tulianika chembe juani."

"Kwa mvua hizi? Maboti yamelala majini miaka kumi, maji yamezama mpaka ndani. Ukiyayeyusha hivyo, maji yanageuka mvuke. Na nyuzi tumezisaga mara ya tatu, zimebaki fupi kama kucha."

Hajji Mubarak hakuwa mtu mbaya. Mume wa Atoo, askari, alipofariki miaka ya nyuma, ni yeye aliyempa mjane kazi. Labda ndiyo sababu Atoo hakupaza sauti.

"Mabamba haya yameshaundiwa boti, mwanangu," Hajji alisema. "Ojera analijaribu leo saa nane, ufukoni Luzira. Nitapanda naye, uone mwenyewe."

Ojera alikuwa mdogo wake Atoo. Hajji alipoondoka, Atoo alimpigia simu mpaka saa nane ikakaribia, haikushikwa. Akapanda bodaboda. Alipofika ufukoni boti lilikuwa limeshatoka. Ziwa lilitulia, rangi ya risasi, na kofia nyeupe ya Hajji ilizidi kuwa ndogo. Hakuona wimbi lolote. Aliona tu pua ya boti ikiinama taratibu, kisha kofia ikielea peke yake.

Wavuvi waliwaopoa wote wawili. Ojera alitapika maji, akashika mkono wa dada yake.

"Dada, hatukugonga kitu. Chini kulifunguka tu."

Hajji alikaa mchangani.

"Kuna mabamba mengine," Hajji akasema. "Yalitoka wiki iliyopita, ulipokuwa Gulu. Nilimwuzia Kasereka, yule nahodha, akaundia boti la abiria, la kwenda visiwani."

"Limeanza safari?"

"Leo."

Simu ya Kasereka iliita mpaka ikakatika. Wakampigia mkewe.

"Ametoka saa sita," mama yule alisema kwa furaha. "Amepeleka watu kumi na sita arusini. Kwani mna shida gani?"

Atoo alimpa Ojera simu, akakimbilia kituo cha polisi wa majini, akaeleza kila kitu huku anahema. Boti lao likatoka mara moja.

Lilirudi saa kumi na mbili na watu kumi na watatu waliojifunika mablanketi. Kasereka hakuwamo, wala abiria watatu. Hajji aliwahesabu, akawahesabu tena. Kisha akainuka, akamfuata ofisa aliyekuwa akiandika majina, akasimama mbele yake.

"Mabamba ni yangu," alisema. "Na huyu binti alinionya asubuhi. Andika yote mawili."