Shahidi Aliyekwenda Kunywa Maji

Mimi sikuzaliwa na subira, na watu wa kijiji chetu cha Leone watakwambia hivyo hata kabla hujawauliza. Kwa hiyo Mzee Ropati aliponishauri nikae nje siku ya kusikilizwa rufaa ya mdogo wangu Aukuso, nilimjia juu palepale barazani kwake.

"Nikae nje? Mimi? Nani amekusanya karatasi zote hizo? Nani alikwenda kwa mchungaji kuomba barua, akaenda kwa mwalimu mkuu, akamfuata daktari mpaka kwenye mazishi ya watu? We mzee, sukari imekula vidole vya miguu, sasa naona inapanda kichwani!"

Ropati akacheka mpaka kiti kikalia. Alipigana Vietnam, na tangu arudi kazi yake ni kuwasaidia askari wa kisiwa chetu kujaza fomu za jeshi. Ametukanwa na watu wakali kuliko mimi.

"Nasema tu, Matalena. Kuna mwanamume huongea vizuri akiwa peke yake."

"Huyu haongei popote. Bila mimi atakaa pale kama gunia la magimbi."

"Haya, mama. Kaa ndani. Mimi nani nikuzuie?"

Kesi yenyewe ni hii. Miaka tisa iliyopita Aukuso alikuwa askari huko bara Marekani, ana miaka mitatu kazini bila doa. Jioni moja, kwenye kituo cha mafuta nje ya kambi, alimkuta sajenti wake amevaa kiraia, akampiga hadi taya likavunjika pande mbili. Polisi wa mji wakamkamata. Mahakama ya raia ikamtia hatiani, akakaa jela miezi minane. Alipotoka, jeshi nalo likamfuta kwa sababu ya hukumu ileile, na kwenye karatasi yake ya kuachishwa wakaandika kwamba ametoka pasipo heshima.

Karatasi hiyo ikamrudisha kwetu nusu mtu. Usingizi hapati. Akisinzia anaamka anapigana na ukuta, na siku moja alimpiga mtoto wangu aliyekwenda kumwamsha, kisha akakaa nje siku mbili akilia kwa aibu. Kliniki ya askari wastaafu ipo hapahapa kisiwani kwetu Tutuila, mwendo wa nusu saa kwa basi. Alikwenda, wakaiangalia ile karatasi, wakamrudishia bila kumtibu. Katika kijiji ambacho kila sebule ina picha ya kijana aliyevaa sare, yeye ya kwake aliishusha mwenyewe akaisukuma uvunguni.

Tulikata rufaa mara ya kwanza kwa maandishi. Jibu likaja: mwombaji mwenyewe aliiambia mahakama kwamba alimpiga yule mtu kwa sababu alikuwa amelewa, na hakutoa sababu nyingine yoyote, ombi limekataliwa. Ikabaki nafasi moja ya kujitetea mbele ya bodi, kwa kuonana kwenye skrini. Ropati alisema juu yake kuna bodi nyingine, lakini hiyo watu huisubiri mpaka mvi zinaota. Na mimi nilikuwa namwona mdogo wangu anavyokonda. Nilijua hana miaka ya kusubiri.

Amelewa! Tangu arudi sijamwona hata akinusa bia. Nilimuuliza mara mia. "Nilikuwa nimelewa, dada," macho chini, basi. Nikajisemea labda pombe aliijulia huko bara na jela ikamwachisha.

Mjue kwetu Samoa dada ni mboni ya jicho la ndugu yake wa kiume. Mbele yangu Aukuso hatukani wala havui shati, na neno la chumbani halimtoki. Hata televisheni ikionyesha watu wanataka kubusiana, mmoja wetu lazima ainuke. Tangu tukiwa wadogo tuna desturi yetu: yeye anakohoa kidogo, vikohozi viwili vifupi, nami nasema naenda kunywa maji. Marehemu mama alikuwa akicheka. "Filamu hii ina kiu sana," anasema. Hakuna anayeona ajabu. Ndivyo tulivyolelewa.

Siku ikafika. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye ofisi waliyotuazima, chumba kidogo chenye kiyoyozi kinachonguruma. Aukuso amevaa shati jeupe na shuka jeusi la kiunoni kama la kanisani. Mimi nimevaa gauni jeupe na kofia yangu ya Jumapili, na mkononi nina kurasa tatu za ushahidi nilizozichapa mwenyewe shuleni ninakofanya kazi ya ukarani. Nilikuwa nimezikariri hadi nukta. Ropati akabaki kwenye korido, maana miguu yake haipendi baridi.

Kwenye skrini wakatokea watu watano wa bodi. Mwenyekiti ni mwanamke, kanali, nywele fupi, sauti ya upole. Nikasema moyoni, huyu ana ndugu wa kiume, tutaelewana.

Wakaanza kumuuliza. Alijiunga lini? Alipata sifa gani? Akajibu vizuri, kwa sauti ya askari, hata mimi nikavimba kichwa. Kisha kanali akavua miwani.

"Bwana Aukuso, nimesoma faili lako mara mbili. Kuna karatasi ndogo ya zahanati ya kambi. Siku kumi na moja kabla hujampiga sajenti, ulikwenda pale alfajiri, ukaomba kuonana na muuguzi wa kiume. Ukasubiri. Ukaondoka kabla hajakuona. Ulikuwa unaumwa nini?"

Hiyo karatasi sikuwahi kuiona. Mimi niliyeijua kila karatasi!

Aukuso akaikodolea meza macho.

"Sema," nikamnong'oneza.

"Nilikuwa nimelewa, mheshimiwa," akasema.

"Siku kumi na moja kabla?"

Mzee mmoja wa bodi akaanza kuandika kitu, na mimi najua mtu anayeandika vile ameshaamua. Roho ikanipanda. Nikamfinya mdogo wangu pajani kwa chini ya meza, kama nilivyokuwa nikimfinya kanisani akisinzia.

"Aukuso! Wameuliza swali. Fungua mdomo, usiniaibishe!"

Alitazama viatu vyangu, kisha mlango. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na kile kiyoyozi kinavuma. Kanali akasema, "Hii ndiyo nafasi yako. Kama kuna lililotokea kati yako na sajenti, bodi inataka kulisikia kutoka kwako."

Aukuso akakohoa. Viwili, vifupi.

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri ni baridi, hata nikasogeza glasi ya maji karibu yake. Hakuigusa. Akakohoa tena vilevile, na safari hii akaniangalia usoni. Miaka tisa alikuwa hajaniangalia hivyo. Yalikuwa macho ya yule mtoto wa miaka sita aliyejikojolea siku ya komunio akaniomba nisimame mbele yake watu wasione.

Mungu wangu.

Nikasimama. Kurasa zangu tatu zikaanguka chini, sikuziokota.

"Shahidi anaondoka?" kanali akauliza. "Mama, bado hujatoa ushahidi wako. Ukitoka sasa hatutaweza kukuita tena."

Mimi nilivyo, siku nyingine ningemjibu. "Naelewa, mheshimiwa," nikasema. "Naenda kunywa maji."

Nikatoka, nikafunga mlango, nikaukaza kwa mikono miwili mpaka nikasikia umeshika.

Ropati alikuwa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Aliponiona akasogea. Hakunitania, na kwa Ropati hilo ni jambo la kuandikwa gazetini.

"Ulijua," nikamwambia.

"Sikujua. Nilihisi. Nimeketi na vijana wengi, Matalena. Yupo anayesema nilikuwa nimelewa kwa sababu alikuwa amelewa, na yupo anayesema hivyo kwa sababu hilo ndilo neno linaloweza kusemwa mbele za watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ukae nje. Ukasema sukari imenipanda kichwani."

Nikakaa. Kutoka ndani sikusikia kitu ila mngurumo wa kile kiyoyozi. Niliwaza yule sajenti, nikakunja ngumi. Mimi si mtoto. Jambo ambalo mwanamume analitafutia muuguzi wa kiume alfajiri, kisha analitorokea, kisha analivunjia mtu taya, halihitaji kamusi. Nilitamani taya lile lingevunjika pande nne. Nasema wazi, na mchungaji akitaka anitenge.

Kisha nikakumbuka mahakama.

Huko bara, miaka tisa iliyopita. Nilipanda ndege mbili kwenda kusimama na ndugu yangu. Wote waliniambia hapana, mbali, baridi, nikasema thubutu, nani atamtia moyo? Nikaketi safu ya mbele kabisa, gauni jeupe na kofia, ili akigeuka anione. Jaji alimuuliza waziwazi: "Kijana, huna rekodi ya ugomvi. Kwa nini ulimpiga mtu huyu?" Aukuso akageuka. Akaniona. Kisha akakohoa, na mimi nikamwambia jirani yangu kwenye benchi kwamba maskini, mdogo wangu hajazoea hali ya hewa ya huku.

Akasema alikuwa amelewa.

Kwa hiyo neno lililoandikwa na mahakama, likanakiliwa na jeshi, likarudiwa na bodi ya kwanza, neno lililomfungia mlango wa kliniki miaka tisa, chanzo chake ni mimi niliyekaa safu ya mbele. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikimlaani wakili, nikamlaani jaji, nikailaani serikali nzima ya Washington, kumbe aliyemziba mdomo alikuwa amevaa kofia ya Jumapili.

Nililia pale kwenye benchi bila adabu. Ropati akanipa leso yake, chafu kweli.

"Usipenge sana," akasema. "Leso ni ya kuazima."

"Nyamaza, mzee."

"Nimenyamaza."

Aukuso alikaa ndani dakika hamsini. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni, na uso wake sikuweza kuusoma. Kurasa zangu tatu alikuwa ameziokota na kuzipanga. Akanipa.

"Twende, dada," akasema.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Mimi nisiyeweza kupita mbele ya mlango wa mtu bila kuuliza wamepika nini, sikumuuliza kitu. Msifikiri ni wema. Ulimi ulikuwa unaniwasha kama nimetafuna gimbi bichi. Niliuuma.

Miezi mitano ikapita. Barua za Aukuso tangu zamani nazichukua mimi posta na kuzifungua mimi, na siku zote nilimwona kama mtoto asiyejua kupokea habari. Siku hiyo karani wa posta akanipa bahasha nene ya kahawia, nikaibeba mpaka nyumbani imefungwa, na njiani nilikutana na watu wawili walionisalimu nikawapita. Hawajanisamehe mpaka leo.

Alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Nikamwekea bahasha juu ya jiwe na kurudi nyuma hatua kadhaa.

Akafuta mikono na kuifungua. Nilihesabu kurasa sita. Akasoma zote, taratibu, na kidole chake kikifuata mistari. Kuku wakala ndizi, hakuwafukuza. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya jiko.

Alipomaliza, akachomoa ukurasa wa kwanza akaninyooshea. Bodi, kwa kura tatu dhidi ya mbili, imekubali ombi. Sababu ya kuachishwa na namna ya kuachishwa zibadilishwe; askari ametoka kwa heshima. Nilipiga kelele hadi jirani akatoka na panga.

Nikashusha pumzi, nikanyoosha mkono. "Na hizo tano?"

Huko ndiko walikoandika sababu. Wote tulijua.

Aukuso alizikunja mara mbili, akaziingiza kiunoni ndani ya shuka lake.

"Hizo si zako, dada."

Miaka thelathini na moja, hajawahi kuninyima kitu. Nilihisi kama nimepigwa kofi, na papo hapo nikaona mabega yake yameshuka, yamelegea, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Watu watano wasiomjua, upande wa pili wa dunia, walimsikia. Mimi niliyemlea sitamsikia kamwe.

"Sawa," nikasema.

Akanitazama kama haamini. "Sawa?"

"We huna masikio? Nimesema sawa. Fukuza hao kuku."

Jumatatu alikuwa na miadi kliniki, ya kwanza. Aliamka mapema, akaoga, akachana nywele. Mimi nilikuwa nimeshavaa gauni langu na kofia nimeishika mkononi, maana mwili una mazoea yake. Akasimama mlangoni, akaiona kofia. Hakukohoa. Alisubiri tu.

"Ropati anakuja kukuchukua?" nikauliza.

"Nikimwambia."

"Mwambie. Leo mimi nina kazi nyingi shuleni."

Ilikuwa likizo, shule imefungwa, na yeye alijua. Akainama akanibusu shavuni, akaondoka.